Picha Nilipiga Hewa Kule Asembo

Haya, nyinyi wa kuweka kamera kwa mfuko ya nyuma na kuikalia, sogeeni hapa. Walio mbali wasikie, walio karibu wasilale. Mimi sina nguvu ya kupaza sauti tena. Nguvu yangu yote niliimaliza nikiambia watu, "Kichwa juu kidogo, mama, usipumue," na kuna wengine nafikiri hawajapumua mpaka leo.

Kazi yangu ilikuwa picha. Hapa Kisumu walikuwa wananiita Japicha, mtu wa picha, mpaka mamangu mwenyewe akasahau jina alinipatia. Shule niliiona kwa dirisha tu, kwa hivyo msitegemee Kiswahili ya vitabu. Na mjue nimechoka. Sijachoka na miaka, nimechoka na kusimama. Magoti yangu yamesimama kwa harusi za watu ambao wameachana, wakarudiana, wakaachana tena. Kucha zangu zilipauka na dawa ya kuosha filimu. Hata leo mtu akifungua chupa ya siki kwa hoteli, mimi naanza kutafuta taa nyekundu ya chumba cha kuoshea picha.

Nyinyi mnapiga picha elfu moja kabla ya chai. Sisi tulikuwa na kumi na mbili. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa boksi yenye macho mawili, moja juu ya ingine, na filimu yake ilikuwa pana kama kiganja. Ukimaliza kumi na mbili, umemaliza. Na hukuwa unatazama mbele kama sasa. Ulikuwa unainama unatazama chini ndani ya boksi, kama mtu anaombewa, na huko ndani kushoto ni kulia, na kulia ni kushoto. Wiki ya kwanza nilifuata bibi harusi mmoja pale Nyalenda, yeye anaenda huku, mimi nageukia huko, mpaka nikapiga picha sufuria ya maharagwe. Ilitoka safi sana hiyo sufuria. Bwana harusi aliniuliza kama hiyo sufuria ndiyo nimemuoza.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Chandu, mwenye studio nyuma ya soko. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, sauti chini, na alikuwa anaweza kujua mwanga bila mashine. Anatoa mkono yake nje ya mlango, anaangalia kivuli ya vidole, anasema namba. Hakosei. Siku moja kulikuwa na wingu nusu tu juu ya ziwa, akasema namba mbili, moja ya upande wa wingu na moja ya upande wa jua, na zote zilikuwa sawa. Mimi ilinichukua miaka tatu kujua hiyo mkono. Bado naifanya. Nikitoka nyumbani asubuhi naangalia kivuli ya vidole, halafu nakumbuka sina kamera.

Sasa sikieni hii, kwa sababu itanitia aibu baadaye. Chumba ya filimu ilikuwa giza kabisa, giza ya kukosa hata pua yako. Na filimu iko na pande mbili: upande moja ni plastiki tu, upande mwingine ndiyo iko na dawa inayoshika picha. Ukikosea upande umeharibu. Sasa kwa giza utajuaje? Bwana Chandu alinifundisha: gusa kona na ulimi. Upande wa dawa unashika ulimi kidogo, kama mtoto anakushika nguo usiende. Upande mwingine unateleza. Hiyo tu. Mimi nimelamba filimu za Kisumu nzima. Nimelamba mawaziri, nimelamba maaskofu, nimelamba timu za mpira mbili na marefa wao. Ulimi yangu ilikuwa inajua vitu macho haijui.

Na dawa ilitaka baridi. Kisumu, baridi itoke wapi? Kulikuwa na magari ya samaki yakibeba barafu, tukawa tunaomba barafu huko. Picha zikatoka nzuri, lakini zinanuka mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa. Kuna mama alichukua picha ya kipaimara ya binti yake, akarudi siku ya pili, ananiambia paka za mtaa zimekaa kwa mlango wake zinaomba kuona hiyo albamu.

Nacheka, lakini kuna kitu sicheki. Kuna ujanja tulikuwa nao, na nyinyi wa siku hizi hamwezi kuujua. Tuliita kupiga hewa.

Mazishi ya huku kwetu mnayajua. Watu wanataka picha na jeneza. Wazee wa ukoo na jeneza. Wakwe na jeneza. Kwaya na jeneza. Waliosoma na marehemu darasa la tatu, na jeneza. Wewe uko na filimu mbili, picha ishirini na nne, na kuna vikundi arobaini. Ukisema filimu imeisha, watu wanaona umemdharau mtu wao, na mimi nimeshawahi kufukuzwa na viti. Kwa hivyo unafanya nini? Unawapanga vizuri, unainama, unawasha taa, paa. Ndani hakuna filimu. Wanashukuru, wanaenda kula. Baada ya wiki wakija, unawaambia mwanga uliingia kwa filimu. Wanasikitika, wanalaumu mwanga. Mwanga haina mdomo ya kujitetea.

Nilipiga hewa mara ngapi? Zikipangwa kwa barabara zinatoka hapa zinafika Busia na kurudi. Nilijua ni dhambi ndogo. Nilifikiri hivyo.

Katikati ya miaka ya themanini nikaitwa mazishi kule Asembo Bay. Marehemu alikuwa anaitwa Agutu, alikuwa anafanya kazi kwa meli pale bandarini, mtu wa kuvaa. Alikuwa na shamba linashuka mpaka karibu na maji. Mke wake alitoka Sondu, na huko wote walimuita Nyar Sondu, binti wa Sondu. Mtoto hawakuwa naye. Na kulikuwa na ndugu ya marehemu, Wasonga, mrefu, kifua mbele, huyo ndiye alikuwa ananiamuru: "Japicha, piga hapa. Japicha, piga mimi na wazee. Japicha, piga tena, nilikuwa nimefunga macho." Nikafikiri huyu ndiye amekufa, vile alipendwa na kamera.

Wasonga na vikundi vyake walikula filimu zote mbili. Ndio jua linaenda, mama wa watu, Nyar Sondu, akanisogelea, macho imevimba. Akasema, "Japicha, na mimi. Na bwanangu. Moja tu."

Moja tu. Sikuwa na hata nusu. Nilikuwa nimechoka, na lori ya kurudi Kisumu ilikuwa inapiga honi. Nikamwambia simama hapo, mama. Akatengeneza kitambaa cha kichwa, akaweka mkono kwa jeneza. Akaniuliza kama kitambaa iko sawa. Nikasema iko sawa kabisa. Nikawasha taa.

Alikuja studio mara tatu kuuliza hiyo picha. Kutoka Asembo mpaka Kisumu, mara tatu. Mara ya kwanza nikasema bado. Ya pili nikasema mwanga umeingia. Ya tatu Bwana Chandu ndiye alimwona mlangoni, mimi nikiwa nimejificha kwa giza na taa nyekundu nimezima. Bwana Chandu alipoingia hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe iko jificha mtu ya matanga?" Halafu akaendelea kukata picha za pasipoti.

Miaka ikaenda. Bwana Chandu akaenda kukaa na watoto wake ng'ambo. Mambo ikabadilika. Ikaja filimu ndogo ya rangi, ya thelathini na sita, na ikaja maduka yenye mashine inayomeza filimu upande huu na kutapika picha upande ule, kwa saa moja. Mashine hiyo ukiipelekea filimu yangu pana inakuangalia tu. Karatasi ya nyeusi na nyeupe ikapotea Kisumu. Mashine yangu ya kukuza picha, ile ya chumba cha giza, kioo yake ikaota ukungu kama mkate. Hewa ya ziwa inakula kila kitu. Mimi nikabaki mzee wa pasipoti na nusu pasipoti. Lakini filimu zangu za zamani sikutupa. Niliziweka kwa makopo ya biskuti, kila mazishi na bahasha yake.

Sasa miaka ya tisini inaenda kuisha, gugumaji limefunika ziwa mpaka kuku wanatembea juu yake, mimi niliona jogoo moja inaelekea Uganda, siku hiyo hiyo mtu akabisha mlango yangu. Ni mwanamke mzee kidogo, mkoba kwa kwapa. Sikumjua. Akakaa, akasema, "Japicha, umezeeka."

Nikasema, "Wewe ni nani, mama, unipe hiyo habari taratibu?"

"Mimi ni Nyar Sondu. Wa Agutu."

Nilivuta kiti nikakaa.

Aliniambia hivi. Wasonga alikuwa anataka kuuza lile shamba la chini kwa mtu wa samaki. Nyar Sondu akakataa, kwa sababu huko ndio nyumba yake iko, na kaburi ya bwana yake. Sasa Wasonga alikuwa ameenda kwa naibu chifu na kusema huyu mwanamke si mke wa hapa. Ati aliachana na Agutu akarudi kwao, hakuwa hata kwa mazishi, alikuja tu baadaye aliposikia kuna shamba. Na mwanamke ambaye hakulia bwana yake siku ya kuzikwa, huko kwetu anadai nini? Wazee waliokuwako wengi wamekufa. Walio hai wanakula kwa Wasonga. Naibu chifu alikuwa amempa mpaka Ijumaa ya wiki ile ingine kuleta mtu au kitu cha kuonyesha alikuwa pale.

"Na kitu kiko," akasema. "Wewe ulinipiga picha na bwanangu, mkono wangu kwa jeneza. Hata kama iliingia mwanga, si itaonyesha kidogo? Nipe hiyo kidogo."

Vijana, nimedanganya watu wengi, lakini hapo uongo ulikataa kutoka. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hakukuwa na filimu.

Halafu akasema, pole pole, "Kwa hivyo mimi nilikuwa natengeneza kitambaa, na wewe unanimulika tu na taa."

"Ndio, mama."

"Kama mtu anatafuta panya."

"Ndio, mama."

Akaomba maji. Akanywa. Akaniambia, "Sasa nitaenda wapi?" Si kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anauliza njia.

Alipotoka nilishusha makopo yote ya biskuti. Nilipata bahasha ya Agutu. Nikaweka filimu kwa dirisha, moja moja, vitu vyeupe vinaonekana vyeusi na vyeusi vyeupe, na miwani yangu juu ya miwani ingine. Wasonga, Wasonga, Wasonga na wazee, Wasonga amefunga macho. Na kwa moja, nyuma ya Wasonga, pale kichwa ya jeneza, kuna kitu kimekaa chini. Kidogo kama siafu. Inaweza kuwa mwanamke. Inaweza kuwa sufuria. Na mimi sikuwa na mashine ya kuikuza. Nilizunguka Kisumu nzima, kila duka wanasema, "Mzee, hii filimu ni ya nani, ya Nuhu?"

Sasa hapo ndio Mungu aliamua kunicheka. Kulikuwa na mgeni mzungu anaitwa Marta, amekuja kupiga picha za ziwa na wavuvi. Amekodi nyumba huko huko Asembo Bay, na alikuwa anatafuta mtu anayejua kamera kubwa, ya filimu pana. Kwa Kisumu waliobaki tulikuwa mimi na mzee mwingine, na yeye alikuwa amelala kwa kaburi. Nikaenda.

Marta alikuwa na Kiswahili amesomea pwani, safi mpaka inakuaibisha. Anasema "tafadhali" kwa mbuzi. Alifungua sanduku, nikaona kamera, boksi, dada ya ile yangu, nikataka kuikumbatia. Halafu akatoa kitu nyeusi, kipande kama cha mkate, na waya mrefu.

"Hii ndiyo inakaa mahali pa filimu," akasema.

"Na filimu inakaa wapi?"

"Hakuna filimu, bwana."

Nikamwambia, "Mama, hata mimi nimewahi kupiga bila filimu, na imeniletea shida kubwa."

Waya ilienda kwa kompyuta, kompyuta nzito kama ndama, na kompyuta ikaenda kwa jenereta. Akapiga picha ndoo. Tukangoja. Halafu kwa skrini ile ndoo ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia, mpaka ikakamilika, na maji ndani, na nzi juu ya maji. Bila giza. Bila dawa. Bila barafu ya samaki. Mimi niliketi chini. Nyinyi mnacheka kwa sababu mmezaliwa mkiikuta. Mimi nilihesabu miaka yangu yote kwa lile giza, nikasikia uchovu wote umenipanda mara moja. Na nikaona pia kitu kingine: kwa hii kitu hakuna kupiga hewa. Ukimpiga mtu, anasimama nyuma yako anajiona hapo hapo. Uongo haipewi hata wiki moja.

Siku ya tatu nikamwambia Marta habari ya Nyar Sondu. Yote, hata ya panya. Akasema, "Leta hiyo negativu." Alikuwa na kisanduku kina taa ndani na kioo juu. Akasema tutaweka filimu yangu hapo, tuipige picha na hii kamera, halafu kompyuta itavuta ile siafu iwe mtu. Lakini hiyo kompyuta haiwezi kubebwa mpaka kwa naibu chifu, itakufa njiani. Kwa hivyo naibu chifu na wazee wakaombwa waje wao. Na wakakubali, kwa sababu nani anakataa kuona kompyuta?

Ijumaa ikafika. Wazee watano kwa veranda, viti za kuazima. Naibu chifu na kofia yake. Nyar Sondu amekaa chini kwa mkeka pembeni. Wasonga akaja wa mwisho, mvi imemjaa, kifua bado mbele, akasema, "Nimeambiwa kuna sinema. Soda iko wapi?" Wazee wakacheka. Wale wa kula kwake walicheka zaidi.

Tukaweka blanketi juu ya madirisha chumba kiwe giza, kisanduku cha taa kisisumbuliwe na jua. Marta akaniambia, "Bwana, tafadhali rudisha kile kipande kwa kamera." Nikakishika. Giza. Mkono yangu ikahisi kona. Na vijana, mimi si mimi niliamua. Ni miaka ishirini iliamua. Nilitoa ulimi nikalamba.

Haikushika. Iliteleza. Nikawaza, huu si upande wa dawa, nikageuza nikalamba ule mwingine pia.

Marta akapiga. Ikashuka kwa skrini: jeneza, mti, na wingu kubwa nyeupe katikati, kama moshi wa nyama choma. Akaangalia kamera. Akaangalia kile kipande, kile kioo chake cha ndani. Akaangalia mdomo yangu.

"Bwana Japicha. Je, umelamba?"

"Kidogo tu, mama."

"Naomba usilambe tena."

Kutoka kwa veranda Wasonga akaita, "Naibu, mimi niko na ng'ombe ya kunywesha. Hawa hawana kitu." Na mzee mmoja akaunga mkono, ati hata chakula ingekuwa imeiva sasa. Naibu chifu akaangalia saa yake. Akasema anatupa muda wa kuvuta sigara moja, halafu anaandika vile ataandika.

Kwa mlango niliona Nyar Sondu ameshika pindo la mkeka. Mimi nikasimama kwa kona, mikono nyuma kama mwizi. Mara ya pili kwa maisha yangu, picha ya huyu mama iko mkononi mwangu na mimi ndiye naiharibu. Marta alikuwa anapangusa kile kioo na kitambaa na spiriti, pole pole, duara dogo dogo, anashikilia pumzi. Naibu chifu sigara imefika nusu. Marta anapangusa. Sigara imefika karibu na kidole. Akarudisha kipande mwenyewe, mimi hata sikuruhusiwa kusogea, akapiga.

Ikashuka. Safi.

Wazee wakaitwa ndani. Skrini ilikuwa ndogo, ikabidi wasukumane vichwa pamoja, harufu ya tumbaku na koti ya mvua. Ilikuwa bado kinyume, watu nyuso nyeupe, mashati meusi. Mzee mmoja akasema, "Hawa ni mashetani." Marta akabonyeza kitu, na nyeusi ikageuka nyeupe, nyeupe ikageuka nyeusi, na mbele yetu akasimama Wasonga, kijana, kutoka kichwa mpaka chini, mkono kwa kiuno.

"Huyo ni mimi," Wasonga akasema. Hakuweza kujizuia. "Oneni vile nilikuwa. Hiyo ni siku ya Agutu. Oneni."

Naibu chifu akamuuliza, "Una hakika ni wewe?"

"Sasa ni nani mwingine alikuwa na kifua kama hiyo huku Asembo?"

"Na ni siku ya mazishi?"

"Si unaona jeneza?"

Naibu chifu akaambia Marta, "Vuta huko nyuma."

Marta akavuta. Siafu ikawa kivuli. Kivuli ikawa mtu. Akavuta tena. Kitambaa cha kichwa, kimeenda upande. Uso umelowa. Mkono umelala juu ya jeneza, pale kichwani, mahali ya mke. Alikuwa hajui kama kuna kamera. Ilikuwa nzuri kuliko picha zote nimewahi kupanga.

Wazee wakainamia skrini zaidi.

Wasonga akasema, "Hizi kompyuta za wazungu zinaweza kuchora mtu yeyote."

Nikatoa filimu kwa kisanduku, nikampa naibu chifu, nikamwambia aishike kwa taa. Akaishika, jicho moja amefunga. Akaona Wasonga mdogo, na siafu mdogo nyuma yake. Akampa mzee wa karibu, yule aliyekuwa anataka chakula. Huyo akaitazama muda mrefu, akasema, bila kuangalia Wasonga, "Ni Nyar Sondu. Alikaa hapo siku nzima. Hata maji alikataa." Na wa pili akasema, "Ni kweli." Na wa tatu akasema hata yeye alikuwa anataka kusema tangu zamani.

Naibu chifu akavaa kofia yake vizuri. "Huyu mama alikuwa kwa mazishi ya bwana yake. Shamba halitauzwa bila yeye. Hiyo maneno imeisha. Mama, uko na kitu ya kusema?"

Nyar Sondu alikuwa ameinuka, amekuja karibu na skrini, karibu sana, mpaka pumzi yake inaonekana kwa kioo. Nilifikiri anaangalia bwana yake, au anaangalia uso yake mwenyewe ya zamani. Nikawa tayari kulia, kitambaa nishatoa. Aliangalia muda. Halafu akanigusa mkono, na kidole akaweka chini kabisa ya picha.

"Japicha," akasema, "mwambie huyu mama avute hapa kwa miguu ya Wasonga."

Marta akavuta. Viatu. Viatu vya ngozi vya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, vinang'aa, kamba zimefungwa vizuri.

Nyar Sondu akageuka, taratibu kabisa.

"Kumbe ni wewe, shemeji. Sisi tulitafuta hivyo viatu siku tatu, tukamzika Agutu na soksi."